Mvua ni moja, hasara si moja: Bwaise, Kalerwe na sisi tunaochota maji chumbani

MamaZoni (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa.

Tangu mvua za ddumbi (vuli) zianze nasoma nyuzi za mafuriko humu, na karibu zote zinaishia palepale: kaveera (mifuko ya plastiki) zimeziba mtaro, serikali ipanue mtaro. Sibishi. Kaveera zipo na mtaro ni mwembamba. Ila mimi nakaa Bwaise, bondeni hapa Kampala, huu mwaka wa kumi na moja, na ni mhudumu wa afya wa jamii, hawa mnaotuita VHT. Kazi yangu ni kupita mlango kwa mlango. Kuna kitu nakiona huko vichochoroni ambacho sikisikii kwenye redio wala humu.

Niwapeleke kwenye safu moja ya mizigo (ndivyo tunavyoita vyumba vya kupanga), vyumba sita vimeshikana ukuta, choo kimoja nyuma. Ilinyesha usiku wa kuamkia Alhamisi. Maji yalifika magotini kwa wote sita, maana sakafu ni moja.

Chumba cha kwanza anakaa kijana wa boda. Aliposikia bati linalia alipandisha godoro juu ya meza, akatoa pikipiki hadi barabarani, akalala kituo cha mafuta. Amepoteza gunia la makaa na viatu. Ijumaa alikuwa kazini.

Chumba cha nne anakaa bibi wa Kikongo, upande mmoja wa mwili umepooza. Binti yake hutoka saa kumi za usiku kwenda soko la Kalerwe kupokea mboga, kwa hiyo bibi hubaki na wajukuu wawili, mkubwa ana miaka saba. Nilipofika saa kumi na mbili asubuhi yule mtoto alikuwa amempandisha mdogo wake mezani, na yeye amesimama ndani ya maji, ameshika kichwa cha bibi kisizame kando ya kitanda. Sijui alisimama hivyo muda gani. Mikono yake ilikuwa inatetemeka na hakutaka kuachia hata nilipomwambia, "Niachie mimi, mwanangu." Dawa za presha zililowa, kadi ya ukimbizi ililowa, unga ulilowa. Binti alikosa soko siku nne akimuuguza mama yake kifua, na siku nne bila soko maana yake mtaji umeliwa. Leo wana deni.

Maji ni yaleyale, urefu ni uleule. Kilichowatofautisha ni nani ana miguu ya kukimbia, nani ana mtu wa kumbeba, nani ana akiba ya wiki moja, nani anaelewa lugha ya tangazo. Maana tangazo lilitolewa! Kizindaalo (kipaza sauti) cha zoni, yaani cha mtaa wetu, kilisema tangu saa mbili usiku kwamba juu kunanyesha. Kilisema kwa Kiluganda. Bibi hasikii Kiluganda.

Naomba tujadili hapo. Mtaro tutaujadili pia, lakini nani yuko nyuma ya kila mlango, mbona hatulijadili?

Kijana_wa_Boda

Pole sana mama. Huyo mtoto wa miaka saba amenikaa rohoni. Kwetu Kalerwe maji yakijaa kuna vijana wanabeba watu mgongoni kuvuka, elfu moja, elfu mbili. Mwenye hela anavuka mkavu anaenda kazini. Asiye nayo anapita kwa miguu kwenye maji ya vyoo. Nimebeba wengi bure, ila siwezi kubeba wote.

Ntinda_Juu

Poleni. Lakini tuseme ukweli. Bwaise ilikuwa kinamasi cha mafunjo. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema serikali inashikilia ardhi oevu kwa niaba ya wananchi. Watu wahamishwe, mafunjo yarudi, mafuriko yataisha. Kuwaacha pale ni kuwaua polepole.

MamaZoni

Ndugu wa Ntinda, nakubali nusu. Mafunjo yalikuwepo na yalikuwa na kazi: yanashika maji, yanayachuja, yanayaachia taratibu. Wazee wa hapa wanakumbuka wakikata mafunjo ya mikeka pale ambapo leo kuna gereji.

Ila angalia maji yenyewe yanatoka wapi. Bwaise haina mvua yake peke yake. Maji yanashuka Makerere, Mulago na Kawempe, yanaingia mtaro wa Nsooba, yanatupitia kwenda kinamasi cha Lubigi, halafu mto Mayanja. Kila mwenye nyumba kilimani aliyesakafia ua wote kwa sementi anatuletea maji yaliyokuwa yanyonywe na udongo wake. Na barabara ya Northern Bypass nayo imepita kwenye hicho hicho kinamasi. Mbona anayetajwa kuvamia kinamasi ni mpangaji wa chumba kimoja tu? Na maghala yaliyomwaga kifusi upande wa Kinawataka na Nakivubo je?

Kuhusu kuhamisha: 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, ilibomoa nyumba za watu kule Lubigi. Kuna familia nilizozijua. Hazikuondoka Kampala, ziliondoka pale tu. Wengine nimewakuta Bwaise, wamepanga vyumba vya bei ya chini, na vya bei ya chini ndivyo vilivyo chini kabisa mtaroni.

Jangwani_Yetu

Niko Dar, naomba niongeze la kwetu. Desemba 2011 tulipata mafuriko makubwa, bonde la Msimbazi lilijaa, zaidi ya watu 40 walifariki nchini. Serikali ikawapa watu viwanja Mabwepande. Ardhi kavu, sawa, lakini ni mbali na Kariakoo. Aliyekuwa anauza vitumbua Jangwani akajikuta nauli inakula faida yote. Wengi walijenga, wengine wakarudi bondeni kupanga au kukaa kwa ndugu. Mtu anakaa karibu na riziki yake. Ukimtoa kwenye maji ukamtupa kwenye njaa, atarudi kwenye maji, maana maji yanakuja mara chache kwa mwaka na njaa inakuja kila siku.

Kitu kizuri tulichofanya baadaye ni ramani. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ulichukua wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa, wakapita kila kichochoro, wakachora mifereji na nyumba, wakawauliza wazee maji yalifika wapi ukutani. Mitaa ambayo ilikuwa doa tupu kwenye ramani ikawa na majengo na njia. Mnaweza kuanza na daftari tu.

Fundi_wa_Nateete

Mimi ni fundi wa mitaro, nimefanya vibarua vya kalavati sehemu nyingi za jiji hili. Hesabu ndogo kwa watu wa vilimani. Bati lenye mita za mraba 100, ikinyesha mvua ya milimita 50, linamwaga lita 5,000. Nyumba moja hiyo. Zidisha kwa nyumba zote za mlima mmoja, halafu zipelekee maji hayo bondeni ndani ya saa moja. Hakuna mtaro utakaoyameza kama yote yanafika pamoja. Tangi la lita 5,000 kwa kila nyumba kubwa ya juu, na shimo la kokoto uani, ni faida kwa mtu wa chini kuliko kuchimba upya mtaro wake.

La pili. Mradi unapopanua mtaro mkubwa kila mtu anapiga picha. Lakini Bwaise watu wanazama kwa sababu ya mitaro midogo, ile ya upana wa koleo inayopita kati ya nyumba. Hiyo haina mwenyewe. Mtaro mkubwa ukijaa, maji yanarudi nyuma kwa mitaro midogo hadi chumbani. Nimeona kwa macho, maji yanapanda kinyume.

MamaZoni

Fundi, asante sana, na ongeza hili ambalo watu wa juu hawalijui: maji hayaanzii mlangoni. Sisi tumejenga vizingiti vya tofali mbili, tatu, unaruka kuingia chumbani kwako kama unavuka ukuta. Maji yanachipuka sakafuni. Unaona kwanza sementi inabadilika rangi kwenye kona, kama jasho, halafu panatokea kidimbwi cha upana wa sahani. Ukiona sahani una kama nusu saa. Kila mama wa Bwaise anajua kuiangalia ile kona. Lakini lazima uwe nyumbani, uwe macho, uwe na taa.

Nesi_Usiku

Nimefanya kazi vituo vya afya viwili vya Kawempe. Naomba mzungumze kuhusu choo, maana huko ndiko watoto wanakofia.

Bwaise huwezi kuchimba choo, ukichimba futi tatu umekuta maji. Ndiyo maana vyoo vimeinuliwa, unapanda ngazi tano sita. Vikijaa, gari la kunyonya haliingii kichochoroni, na likiingia bei yake mwenye nyumba hataki. Kwa hiyo watu wanasubiri mvua. Mvua ikinyesha wanatoa tofali chini ya choo, kila kitu kinaondoka na maji. Kwenda kwa nani? Kwa jirani wa chini yake. Kipindupindu cha 1997 hadi 1998, wakati wa El Niño, kilipita hasa mitaa kama hii. Homa ya matumbo ilitusumbua jiji zima 2015. Na kila baada ya mafuriko napokea watoto wa kuhara kuanzia siku ya tatu, unaweza kuweka kalenda.

Kinachouma ni kwamba mtambo wa kusafisha majitaka wa Lubigi ulioanza kazi 2014 uko jirani kabisa na hawa watu. Kinachokosekana ni hatua kati ya kichochoro na gari. Kuna vijana wanaotumia pampu ya mkono, wanajaza mapipa, wanayasukuma kwa mkokoteni hadi barabarani. Hao wakilipiwa nusu ya gharama wiki mbili kabla ya ddumbi na kabla ya toggo (masika), mngepunguza wagonjwa wangu kuliko hotuba zote.

Mzee_Kibanja

Nimesoma nimenyamaza, sasa niseme. Mimi ndiye "mwenye nyumba" mnayemsema. Nina mizigo minane Kawempe, niliijenga kwa kiinua mgongo changu. Si tajiri. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo inasomesha wajukuu.

Mnasema niinue sakafu. Sawa. Lakini ardhi ni ya mailo, hati yake anayo mtu mwingine, mimi nina kibanja tu, yaani haki ya kukaa juu yake, sina hati. Nikienda kuomba kibali cha kujenga upya naambiwa eneo ni oevu. Nikijenga bila kibali nabomolewa. Nikiacha kama ilivyo, mpangaji anazama. Benki haikopeshi mtu wa kibanja. Na tangu tuone Lubigi 2024, nani ataweka milioni kwenye tofali ambazo zinaweza kuangushwa mwaka ujao? Si kwamba sina huruma. Ninalala nikisikia mvua na mimi moyo unanidunda.

Mkongomani_wa_Katwe

Mimi ni mkimbizi, nimetoka Bukavu, niko hapa mwaka wa saba. Nashukuru mama kwa kumsema yule bibi, maana sisi hatusemwi. Sikuwa kambini, nilichagua mji, na anayechagua mji hujitafutia mwenyewe. Maji yakiingia kwa Muganda, ana ndugu Masaka, atapeleka watoto wiki mbili. Mimi ndugu yangu ni nani hapa? Mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) akiandika majina ya waliopoteza vitu, baadhi yetu tunaogopa kujiandikisha, tunadhani ni orodha ya kutufukuza. Na wengine kodi wanalipa kwa mwezi bila karatasi, wakidai wanaambiwa toka.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwenye Katiba ya Uganda tangu 2005. Basi kizindaalo kiseme maneno kumi tu kwa Kiswahili. Maneno kumi.

MamaZoni

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma ujumbe wako mara mbili na nakuomba radhi, maana nami nimewahi kuwasema wenye nyumba bila kuwasikiliza. Ulichokieleza ndicho kiini. Mtu asiye na uhakika wa kubaki hajengi vizuri, na nyumba mbaya ndiyo hoja ya kumtoa. Tumefungwa hapo. Ningependa jiji liseme wazi: mistari hii ya karibu na maji hakuna kujenga kamwe, na mistari ile ya juu kidogo, ruhusa ya kuinua sakafu na kujenga choo, kwa miaka kadhaa iliyoandikwa, hata kama hati hakuna. Hapo wewe ungekopa kwenye kikundi chetu cha akiba na mimi ningekudhamini.

Na kuna ndugu wa mabondeni wanaofanya hivyo. Shirikisho la wakazi wa mitaa duni la Uganda limekuwa likihesabu watu wake lenyewe na kuweka akiba za kila siku, shilingi mia tano, elfu moja. Ukienda ofisini na hesabu yako mwenyewe, hawakuambii "tutafanya utafiti."

Ndugu wa Katwe, nimekusikia. Orodha yetu haitakaa kwa mwenyekiti.

Niwaeleze tulichoanza, mnikosoe. Nina daftari la kurasa 96. Kila safu ya vyumba ina ukurasa. Siandiki kabila, siandiki namba ya kitambulisho. Naandika: chumba cha ngapi, kuna nani asiyeweza kutembea, kuna mjamzito wa miezi mingapi, kuna mtoto anayebaki peke yake usiku, kuna dawa za kila siku, lugha gani, na nani wa jirani amekubali kumbeba. Hili la mwisho ndilo gumu. Watu wanakubali haraka mchana. Nawaambia, "Njoo umbebe sasa hivi, tuone." Kijana mmoja mwenye mabega kama mlango alishindwa kumtoa bibi kwenye kitanda, kwa sababu mtu aliyepooza hashiki shingo yako. Nesi wa kituo chetu akatuonyesha kumfunga kwa kanga mbili. Tukajaribu mara tatu, bibi akicheka.

Zoni yetu ina safu 31 nilizopitia. Wa kubebwa ni tisa. Tisa tu! Kwa watu tisa mtu hahitaji mradi wa Benki ya Dunia.

Ntinda_Juu

Mama, nimerudi. Bado naamini karibu kabisa na maji pasikaliwe, lakini nimeelewa kwamba nilizungumzia ardhi nikasahau watu. Nimeuliza nyumbani kwetu maji ya bati yanakwenda wapi. Yanakwenda barabarani moja kwa moja. Fundi, tangi na shimo la kokoto gharama yake ikoje? Nina ua umesakafiwa wote.

Fundi_wa_Nateete

Nitakuja kupima. Anza kwa kubomoa robo ya ule ua, panda nyasi. Hilo ni bure.

Nesi_Usiku

MamaZoni, ongeza kwenye daftari: dawa zikae wapi. Waambie watu wa ARV, presha na kisukari waweke dozi ya siku saba kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, litundikwe kwenye mbao ya paa. Nimewapoteza watu wiki ya pili baada ya mafuriko, maji yakiwa yamekauka kabisa, kwa sababu dawa zililowa wakaona aibu kurudi kuomba nyingine.

Na tusisahau takataka si jambo la mtaro peke yake. Agosti 10, 2024, lundo la takataka za jiji la Kiteezi liliporomoka baada ya mvua, likafukia waliokuwa wakiishi chini yake na kuokota humo. Zaidi ya watu 30. Wale nao walikaa pale kwa sababu ileile, riziki iko karibu na kodi ni ndogo.

Jangwani_Yetu

Mama, ushauri mmoja tu kutoka kwetu: daftari liwe na nakala mbili, na moja isikae bondeni.

Mkongomani_wa_Katwe

Nimerekodi tangazo kwa Kiswahili na kwa Kilingala, sekunde ishirini. "Maji yanakuja. Panda juu na watoto. Chukua dawa na karatasi. Piga sufuria kama unahitaji kubebwa." Nimetuma kwa ujumbe wa faragha. Litumike popote.

MamaZoni

Asanteni. Imenyesha tena usiku wa jana, kwa hiyo nawapa taarifa kabla sijalala.

Tangazo la ndugu yetu lilipigwa kwenye kizindaalo saa nne usiku, baada ya lile la Kiluganda. Sufuria zilisikika. Sikuwahi kufikiria sauti ya sufuria gizani inaweza kunipa furaha. Maji yalifika kwenye mashavu ya miguu, si magotini. Kati ya tisa, wanane walibebwa hadi kwenye ukumbi wa kanisa ulio juu ya barabara. Bibi wa chumba cha nne alibebwa na yule yule kijana wa boda wa chumba cha kwanza, kwa kanga mbili, na mjukuu wake mkubwa alitembea mbele ameshika tochi.

Wa tisa tulimkosa. Ni binti mjamzito wa miezi minane, safu ya 17, chumba cha pili. Vijana walivunja mlango wakakuta chumba kitupu. Kumbe Jumatatu alishindwa kodi, akahamia safu ya 22, chumba cha bei ya chini kidogo, chini zaidi. Hakuna aliyeniambia na sikumuuliza. Alikaa juu ya stuli hadi alfajiri, maji yakiwa chini ya nyayo zake. Yuko salama, nesi wetu amempima, mtoto anacheza tumboni.

Nimefuta ukurasa wa 17, nimemwandika wa 22. Wapangaji wanahama kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo nitapita kila tarehe 2. Mwenye nakala ya pili ya daftari ni Mzee_Kibanja. Amekubali leo asubuhi, nyumba yake iko juu kidogo, na ameniambia nije na tepu nipime sakafu za mizigo yake yote minane.